Rola, Sakafu ya Buluu na Salamu ya Rukia

Nyinyi mliopokea mafagio na rola zangu pale uwanjani, na wengine watakaokuja nyuma yenu, kaeni chini msome. Msisome huku mnatembea, maana nimekwishamwona mmoja wenu ameshika simu, akaivaa neti kifuani kama kitenge. Nimestaafu mwaka huu. Magoti ndiyo yaliyoamua, mimi nimekubali tu.

Siku ya kuniaga meneja alitaka niseme maneno machache. Nikamwambia nitaandika, kwa sababu vijana wa hapa mkiambiwa mnaitikia "sawa Bibi" kabla mtu hajamaliza kusema. Shule yangu ni darasa la nne kule Mkange, na nukta naziweka pale pumzi inapoishia. Mshahara sitauandika. Mshahara mnaujua, mmeshaanza kuulalamikia. Cheo changu nacho kilibadilishwa jina mara kadhaa, ila fagio lilibaki lile lile.

Kwanza nieleze kazi ni ya nini, kwa yule atakayeikuta karatasi hii na hajafika pale hotelini. Hoteli iko Bagamoyo, upande wa kwenda Mbegani, na nyuma yake vipo viwanja vya tenisi, vya sakafu ngumu iliyopakwa rangi ya buluu. Kila mwaka wanakuja wanaume wanaocheza tenisi kwa kulipwa, kutoka nchi ambazo nyingine mimi sizijui hata zilipo. Si wale mnaowaona kwenye televisheni. Hawa ndio wanaotafuta kufika huko. Wanafua soksi zao wenyewe bafuni na kuzianika kwenye reli ya baraza, wakiulizana nani kachukua ya mwenzake. Wanachokigombea ni pointi za dunia. Mtu asiye na pointi hata moja, duniani kule hayupo. Akipata moja jina lake linaingia kwenye orodha ya wachezaji, mwisho kabisa, chini ya watu wengi sana, lakini limeingia.

Mimi nilitoka dobi. Nilikuwa nafua mashuka ya hoteli. Siku moja mfagiaji wa viwanja akaacha kazi, mkuu wetu akanitazama, akasema, "Wewe mgongo wako bado mzima, nenda kule." Ndiyo usaili niliofanyiwa.

Nilikwenda na fagio la chelewa na ndoo yenye sabuni ya unga, povu limejaa mpaka juu. Pale nilimkuta Fundi Mbaraka amechuchumaa, anasugua ufa kwa kidole kama mtu anayepapasa kidonda cha mtoto. Huyu ndiye aliyezimwaga sakafu zile. Zamani alikuwa akimwaga sakafu za misikiti, na aliendelea kutembea juu ya sakafu yoyote kama mtu anayeingia kuswali. Akainua kichwa.

"Bibie, hiyo sabuni unampelekea nani?"

"Naosha uwanja, Fundi."

"Watu wanakimbia hapa. Ukiipaka sabuni, kesho tutawazoa kwa machela. Mwaga kule kwenye majani. Na hilo fagio mrudishie mwenyewe jikoni."

"Fagio langu."

"Basi lirudishe kwako. Kisha uje umevua viatu."

Nikavua, nina hasira. Akanitembeza peku uwanja mzima, kutoka wavuni hadi ukutani na kurudi, bila kunipa kazi yoyote. Kila nilipotaka kuuliza alininyamazisha kwa mkono. Mwisho akaniuliza, "Umekanyaga nini?" Nikasema sakafu. Akanirudisha. Nilipozunguka tena ndipo nikaanza kusikia kwa nyayo: hapa mchanga mwembamba umeletwa na upepo wa pwani, hapa umande wenye chumvi umeacha utelezi, hapa rangi imeanza kuvimba. Macho hayaoni vitu hivyo. Jua likishapanda sakafu yote inang'aa, inakudanganya. Kwa hiyo msinicheke mkisikia nilikuwa natembea peku alfajiri kama niliyepotelewa na akili. Nanyi fanyeni hivyo. Anayeona haya miguu yake kutazamwa aende akafanye kazi ya mapokezi.

Jirani yangu mmoja, Mungu amrehemu, alikuwa akinicheka: "Wewe unafagia nyumba isiyo na paa, isiyo na mwenyewe, halafu wanaingia wanaume wazima wanarushiana kimpira." Nilimwambia ndivyo hivyo hivyo.  Ndiyo kazi yenyewe.

Sasa rola. Rola ni lile gurudumu la sifongo lenye mpini mrefu, la kukaushia maji ya mvua. Mnalisukuma mbio mbio kama mnafukuza kuku. Mimi nami nilianza hivyo. Fundi Mbaraka akaniambia, "Maji yana njia yake humu, nimeyatengenezea mteremko. Wewe yasindikize tu." Unaanzia katikati, karibu na neti, unakwenda taratibu kuelekea pembeni, unakamua, unarudi. Ukikimbia unayatawanya tu, yanakurudia nyuma. Upande wa kusini, karibu na mstari wa nyuma, pana kibonde tunachokiita Tui, kwa sababu maji yakituama pale rangi inayapa weupe kama tui la nazi. Hapo rola haitoshi. Piga magoti na taulo. Fundi Mbaraka alikuwa akiona haya kwa ajili ya kile kibonde. Kila mvua iliponyesha alikuja kukitazama na kusema, "Siku ile saruji ilikuja imechelewa," hata kama hakuna aliyemuuliza. Alipokwenda kupumzika kwao Pangani aliniachia kisu chake cha kukwangulia rangi na onyo: nisimruhusu mtu akizibe Tui kwa saruji ya kawaida. Sijamruhusu, wala nyinyi msimruhusu.

Kunguru ni adui wa pili. Anaokota mfupa jikoni, anakwenda kuudondosha kwenye sakafu ngumu ili upasuke. Kwake yeye ule uwanja ni kinu. Mwaka mmoja mchezaji alikuwa anajiandaa kurusha mpira juu aanzishe, ukadondoka uti wa mgongo wa samaki changu, pa, mbele ya kiatu chake. Akautazama uti, akamtazama mwamuzi, akanitazama mimi. Nikaingia, nikauokota, nikatoka. Hakuna haja ya maelezo.

Adui wa tatu ni kaa. Wanatoka kwenye mashimo yao ufukweni, wanakatisha uwanja kwa ubavu. Kuna kijana mmoja, jitu la kutoka nchi za barafu, mabega kama mlango, aliyepanda juu ya benchi akalia kama anayeungua kwa sababu ya kaa mdogo kuliko sarafu. Nilimfunika kaa kwa kopo nikampeleka nje. Yule kijana alikuwa akinisalimia kila asubuhi baada ya hapo kwa heshima kubwa, mikono yote miwili kifuani, kama niliyemwokoa na chatu.

Na yuko yule aliyepiga raketi chini mpaka ikapinda. Vijana, raketi inunuliwe hata mara mia, haidhuru, lakini alichimba sakafu. Niliingia kati ya gemu na gemu nikakuta rangi imebanduka upana wa kiganja. Nikamwendea pale alipokaa nikamwambia kwa Kiswahili, maana sina lugha nyingine, "Mwanangu, hii sakafu imekukosea nini?" Hakujua neno hata moja. Lakini alijua kabisa ninachosema. Jioni alikuja kule stoo akanikuta nachanganya rangi, akashika brashi, akapaka mwenyewe. Alipaka vibaya. Nikamshukuru, akaondoka, nikakwangua, nikapaka upya.

Lipo neno moja la kazi ambalo lazima mlielewe kabla sijafika ninakotaka kufika. Mpira ukiwa unachezwa unaitwa uko hai. Ukigonga neti, au ukitoka nje, au ukidunda mara mbili, umekufa. Mpira ukiwa hai hakuna anayetembea, hakuna anayekohoa akiweza kujizuia, hakuna anayeingia kutoka mlangoni. Mlinzi anaweka kamba. Mchezaji mwenyewe hatakiwi kusema neno, kwa sababu akisema anaweza kumvuruga mwenzake, na mwamuzi ana ruhusa ya kumnyang'anya pointi. Nilipoelezwa hayo mara ya kwanza niliona ni adabu ya ajabu, adabu ya kunyimana salamu. Baadaye nikaizoea. Kazi ni kazi.

Sasa, Idrisa. Mnamjua. Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Rukia, na kakulia nyumbani kwangu tangu baba yake alipofariki. Kajifunza tenisi pale pale hotelini, kwa raketi za wageni. Mimi nilimwambia tangu mwanzo: humo uwanjani mimi si bibi yako, mimi ni mwenye sakafu. Akaelewa. Alikuwa akija anauliza, "Bibi, uwanja umekauka?" nami namjibu kama ninavyomjibu yeyote.

Rukia hakupenda ule mchezo hata siku moja. Si kwamba ni dhambi, hapana. Alikuwa na hofu ya mama tu. Kijana mzima, ndevu zimeota, kazi yake ni kukimbilia mpira. Upande wa baba yake Idrisa ni watu wa biashara, asili yao Omani, na ami yake, Nassoro, ana duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Kila Idi Ami Nassoro alimwambia, "Kiti chako kipo nyuma ya kaunta, kinaota vumbi." Mwisho mama na mwana wakapatana. Mashindano ya mwaka ule Idrisa alipewa nafasi ya mwaliko kwa kuwa ni mwenyeji. Akishinda mechi ya kwanza anapata pointi yake ya dunia, na Rukia hatasema tena neno la duka. Akifungwa, anaweka raketi chini na kwenda kwa ami yake. Walipeana mikono mbele yangu, jikoni. Mimi nilikuwa nakuna nazi. Siku ile niliikuna mpaka kwenye kifuu.

Alipangiwa Mmisri mmoja, Yasini jina lake. Mwembamba, mkimya, ana tabia ya kuipangusa raketi kwa fulana kila mara. Kila mmoja akachukua seti moja. Seti ya tatu, ya kuamua, ikaanza, na mvua ikaja. Mvua nene, ya ghafla, ya kuja na kuondoka.

Ilipokatika tuliingia na rola. Kwa mara ya kwanza nilitamani uwanja usikauke upesi, maana Idrisa alikuwa amechoka, nilimwona anavyovuta mguu. Halafu nikatamani ukauke upesi, kwa sababu Mmisri naye alikuwa amechoka na pengine zaidi. Nikagundua sijui la kutamani. Basi nikakausha. Kwenye Tui nilipiga magoti mimi mwenyewe, sikumwachia mtu, nikapangusa mpaka taulo likatoka kavu. Ule upande watacheza wote wawili kwa zamu, na mtu asije akasema mjukuu wa Bibi Sakafu, kama wanavyoniita, kateleza wala kateleziwa.

Wakaendelea. Wakafika gemu sita kwa sita, ikawa taibreka. Taibreka ni hivi: zinahesabiwa pointi tu, wa kwanza kufika saba ndiye mshindi, mradi awe amemzidi mwenzake mbili. Watu walikuwa wamejaa. Jikoni walitoka, dobi walitoka, wavuvi waliokuwa wanaleta samaki mlango wa nyuma waliacha kapu wakaja kusimama. Mimi nilikuwa kwenye pembe yangu, nimekaa juu ya ndoo, rola miguuni.

Idrisa sita, Mmisri tano. Pointi moja tu.

Mmisri akaanzisha, Idrisa akarudisha kwa nguvu pembeni kabisa. Mmisri akaukimbilia, akaufikia kwa ncha ya raketi, mpira ukapanda juu, laini, ukawa unashuka mbele ya Idrisa karibu na neti. Uwanja wote uko wazi. Hata mimi ningeupiga.

Sasa mlangoni alikuwa amefika Rukia. Alisikia sokoni kwamba mvua imechelewesha na mwanawe bado anacheza, akachukua kikapu cha chakula akaja. Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kuja kutazama. Mlinzi, kijana mwenye malezi, akamwona mama mtu mzima amesimama juani na kikapu kichwani, akainua kamba. Kumsimamisha mama wa watu nje kwa sababu ya mpira hakukumwingia akilini. Rukia akaingia, akakuta umati umekaa. Akafanya alichofundishwa na mimi tangu hajaota meno ya pili. Akasema kwa sauti kamili:

"Asalaam aleikum!"

Na mpira uko hewani, uko hai.

Mabenchi yote yakajibu. Jikoni walijibu, dobi walijibu, wavuvi walijibu. Mimi nilijibu pia, ningejizuia vipi, ile ni salamu. Na Idrisa, raketi iko juu, macho yako kwenye mpira, akajibu kwa sauti ile ile anayojibu nayo akiwa sebuleni:

"Waaleikum salaam, mama, karibu!"

Akapiga. Mpira ukaanguka ndani kabisa, Mmisri hata hakuufuata. Watu wakaruka. Mpishi mkuu akamkumbatia mtu asiyemjua. Pointi ya dunia, tayari.

Mwamuzi, bwana mmoja wa kutoka Ureno, akainua mkono kutoka kwenye kiti chake kirefu. Akasema mchezaji amezungumza mpira ukiwa hai. Pointi anapewa Mmisri. Sita kwa sita.

Kelele zilizotokea pale sitaziandika zote. Wavuvi wale walisema maneno yasiyoandikika, na baadhi yao wamekwenda Makka. Mpishi alipiga kelele, "Kajibu salamu! Mlitaka amnyamazie mama yake?" Mwingine akasema, "Huyo mwamuzi kwao hawana mama?" Idrisa alisimama tu, mikono inaning'inia. Alijua kanuni. Hakubisha. Na pale mlangoni Rukia alisimama na kikapu chake kichwani, hajui alichofanya, anamwuliza mlinzi, "Kuna nini? Kafiwa?"

Ndipo yule Mmisri akatembea. Hakwenda kwenye mstari wake wa nyuma. Alikwenda hadi chini ya kiti cha mwamuzi, akazungumza naye. Mwamuzi akainama, akamwuliza tena, kama aliyesikia vibaya. Mmisri akarudia, akajigonga kidole mdomoni, yeye mwenyewe. Idrisa alinitafsiria baadaye alichokuwa anasema. Alikuwa anasema: hata mimi nilijibu. Kwa sauti ya chini, mgongo ukiwa kwako, ndiyo maana hukunisikia. Lakini nilijibu, na mpira ulikuwa hai. Tukinyang'anywa tunyang'anywe wote.

Mwamuzi akawaza, akamwita msimamizi mkuu, wakanong'ona. Kisha akatangaza kwamba pointi inarudiwa. Idrisa sita, Mmisri tano, kama ilivyokuwa.

Fikirieni nyinyi. Na yeye alikuwa hana pointi hata moja. Na yeye alikuwa na soksi reli ya baraza. Angenyamaza tu, hakuna binadamu ambaye angejua. Idrisa akamfuata kwenye neti, akamwuliza kwa kile Kiingereza chao cha uwanjani kwa nini amefanya vile. Mmisri akamjibu, "Mama yako hakukusalimia wewe peke yako."

Wakarudia. Ningependa kuwaandikia kwamba Idrisa alishinda. Ile pointi walicheza muda mrefu, watu hawapumui, hata kunguru nadhani walitulia, na Mmisri akaimaliza kwa mpira mzuri mno uliolamba mstari. Sita sita. Kisha akachukua iliyofuata, na iliyofuata. Nane kwa sita. Mechi imekwisha. Idrisa akavuka, akamkumbatia, kisha akaenda kukaa, akajifunika taulo kichwani.

Niliingia na fagio langu maana zilikuwa zinafuata mechi nyingine. Nilipita mbele yake. Akaniuliza chini ya taulo, "Bibi, uwanja ulikuwa umekauka?" Nikamwambia, "Ulikuwa umekauka." Akasema, "Ahsante." Nikaendelea kufagia. Mkifika umri wangu mtajua kuna wakati fagio linasaidia sana, linakupa mahali pa kutazama.

Rukia nilimkuta nje ya mlango amekaa chini, kikapu hajakifungua.

"Mama, kafungwa kwa sababu yangu?"

"Kafungwa kwa sababu mwenzake kacheza vizuri."

"Ningenyamaza, angekuwa ameshinda."

"Uingie kwenye umati kimya kimya, umekuwa mwizi? Inuka, unachafua kanga."

Nyumbani, baada ya Magharibi, Ami Nassoro akaja. Si mtu mbaya, msimchukie. Alikuja na tende na aliketi karibu na Idrisa, akampiga piga goti. Lakini ana mdomo usio na breki. Akamwambia Rukia, "Miaka yote mie nimemshawishi huyu aache mpira, nimemuahidi kiti, nimemuahidi pikipiki. Kumbe wewe ulikuwa na maneno mawili tu yanayotosha!" Akacheka. Hakucheka mwingine. Rukia akaweka sinia chini, akaanza kulia, kilio cha mtu mzima, kile kisicho na sauti.

Kisha akasema, "Ile ahadi naifuta. Haendi dukani."

Idrisa akasema, "Mama, tulipeana mikono. Nimefungwa. Jumatatu nakwenda kwa Ami."

"Huendi. Mpira ule ulikuwa umeshaupiga."

"Ulirudiwa, mama. Niliupata tena, nikashindwa mwenyewe. Usinionee huruma kwa jambo hilo."

"Sasa mie niende wapi na hii salamu yangu? Nikae nayo ndani?"

Ami Nassoro akasema, "Jamani, mimi nimetania."

"Ami, nyamaza kidogo," akasema Idrisa, naye hajapata kumwambia hivyo tangu kuzaliwa.  Halafu wote wakanigeukia mimi, kama kawaida ya nyumba hii, wagombane wao, nihukumu mimi.

Nyinyi mnajua kilichofuata kuhusu duka. Alikwenda, maana aliahidi, na mikono ya jikoni kwangu haipeanwi bure. Aliuza misumari na mabati masika yote, na kiangazi Ami Nassoro mwenyewe akamfukuza arudi mazoezini, akisema anapimia wateja nondo huku anatazama saa. Pointi ya dunia hajaipata hadi leo ninapoandika. Anaitafuta, na katikati ya kuitafuta anawafundisha watoto pale kwenye uwanja wa tatu. Msimpe huruma. Mpeni uwanja mkavu.

Lakini jioni ile hayo yote yalikuwa bado. Mbele yangu walikuwapo binti aliyedhani adabu yake imemharibia mwanawe bahati, na kijana aliyekwisha kuweka raketi juu ya kabati, na shemeji aliyejutia mdomo wake, na wali unapoa.  Nikakumbuka yule Mmisri anacheza mechi yake ya pili kesho, na kwamba katika Bagamoyo nzima hana hata mtu mmoja wa kumpigia makofi.

Nikawaambia: "Kuleni. Ya duka mtayasema Jumatatu. Kesho asubuhi nyumba nzima mnakwenda uwanjani kumshangilia Yasini, na wewe Nassoro utafunga duka, uje. Mkifika mlangoni mngoje mpira ufe. Ukishakufa mwingie, Rukia mbele, na atoe salamu kwa sauti ile ile ya leo."